Hesabu Kabla ya Kupanda

Kama umeweka mahindi ya mbegu, kachukue punje moja. Nenda tu, nakusubiri.

Umeipata? Igeuze. Karibu na ncha iliyoshikwa na gunzi pana kibonde cheupe. Hicho ndicho kiini, na humo ndimo mche umelala. Sasa tazama ganda. Ukiona michirizi myeupe iliyotawanyika kama miale ya jua, hiyo ni kazi ya kuvu aina ya fusariamu, inayoingia tangu shambani kupitia ndevu za mahindi au matundu ya viwavi. Ukiona ungaunga wa kijani, hiyo ni kuvu aina ya aspajilasi, ambayo hunawiri ghalani mahindi yakiwekwa na unyevu.

Kiini kimejaa mafuta, akiba ya kwanza ya mche. Kuvu ikiyala, mbegu haioti, au huota kisha mche ukaozea udongoni. Mkulima hulaumu mvua, hulaumu panya, kumbe mbegu ilikufa ghalani. Tena punje nyingine iliyoambukizwa haina hata doa. Basi usiyaamini macho, hesabu.

Chota punje kutoka juu, katikati na chini ya gunia, kisha hesabu 100 bila kuchagua. Zipange kwenye kitambaa kibichi, kiviringishe, kiweke kivulini, ukinyunyizie maji kila siku. Siku ya 7 kifungue, uhesabu zilizotoa mzizi na chipukizi zenye afya. Zikifika 90, panda. Zikiwa 60, basi katika kila mashimo 10 uliyotia punje mojamoja, tarajia manne yakae matupu, na mbolea umeshatia.

Mavuno yajayo, anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Unyevu wa kuhifadhia usizidi asilimia 13.

Na yaliyoota ukungu? Usiyapeleke mashineni, wala usiwape kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125.

Msikilizaji, ukiviringisha kitambaa chako leo, wiki ijayo saa kama hii kitakuwa kimetimiza siku 7. Kaa nacho karibu na redio, tukifungue pamoja.