Karela na Nzi wa Matunda

Somo lililopita lilikuwa juu ya maboga na matango. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya ndugu yao mchungu, karela. Huenda umeiona sokoni Mombasa au Unguja: ni ya kijani, na ngozi yake ina vinundu vinundu kama mgongo wa mamba. Jamaa zetu wenye asili ya Kihindi wameipika tangu zamani, na huko Kibwezi wako wakulima wanaoilima ili ipelekwe Uingereza. Basi karela ni fedha. Lakini yuko mwizi wake.

Kupanda si kazi ngumu. Mbegu ina ganda gumu, kwa hiyo iloweke majini usiku mmoja. Tia mbegu 2 katika kila shimo, inchi 1 kwenda chini, na shimo na shimo yaachane futi 2. Simamisha nguzo za futi 6, ufunge kamba, maana mche huu hutambaa, na tunda likilala chini huoza.

Sasa tuje kwa mwizi. Ni nzi wa matunda. Si yule nzi wa jikoni. Huyu ana rangi ya kahawia na manjano, kama nyigu mdogo. Jike hutoboa ngozi ya karela ingali changa, akataga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda, kisha hutoka na kuingia udongoni, na humo ndimo watokamo nzi wapya. Wewe kwa nje huoni ila kitone kidogo, au tunda limepinda. Dawa ya kunyunyiza haiwafikii funza walio ndani. Mwaka 2014 nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia maembe, karela na mboga nyingine kutoka India, kwa sababu nzi hao na wadudu wengine walikutwa katika mizigo.

Nilipoanza kulima, niliokota karela zilizooza nikazitupa shimoni kando ya bustani. Nilidhani nimefanya usafi. Kumbe nilikuwa nafuga nzi! Wewe zitie katika mfuko wa mbolea usio na tundu, ufunge mdomo barabara, uuache juani siku 7.

Kinga iliyo bora ni gazeti la zamani. Karela ikifika urefu wa kidole, na ua lake limekwisha nyauka, ivishe mfuko wa gazeti, uufunge juu kwa uzi bila kukaza. Usivishe ua lililo wazi, kwani nyuki bado wanalihitaji. Mwenye banda la neti hasumbuliwi na nzi, lakini nyuki nao hawaingii. Huyo yampasa achume ua dume asubuhi, aliguse katikati ya ua jike. Ua jike utalijua: lina karela ndogo sana nyuma yake.

Chuma karela zingali kijani, mara 2 au 3 kwa juma. Ukiziacha ziive, hugeuka rangi ya machungwa, hupasuka, na mche hupunguza kuzaa.

Kabla ya somo lijalo, chuma karela moja iliyopinda, uipasue kwa kisu. Hesabu funza utakaowaona, uandike idadi yao katika daftari lako. Kisha usisahau kuitia katika ule mfuko.