Waa, Nje ya Kaya
Mdigo wa ughaibuni arejeapo Waa, katika kaunti ya Kwale kwenye Pwani ya Kenya, huenda akaelekezwa kwanza kayani, yaani kwenye msitu mtakatifu wa wahenga wa Mijikenda, jamii za Pwani wakiwemo Wadigo, kama ule wa Kinondo karibu na Diani, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka wa 2008. Nje ya kaya, hata hivyo, kwenye nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, umaskini anaouona hautokani na uvivu, tuhuma iliyochosha Pwani nzima, bali kwa sehemu kubwa na ardhi, kwa kuwa familia nyingi za Kwale hazina hatimiliki, hati ya serikali inayothibitisha mwenye shamba. Wala kuwa na minazi hakuzibi pengo hilo, kwani kwa mila za Pwani, mwenye mnazi si lazima awe mwenye ardhi ulipoota.