Uliza Kwanza, Kisha Useme

Leo tunazungumza juu ya neno: namna ya kulisema, kulisikiliza na kulipeleka kwa wengine.

Ninyi wa Hombo mnalijua jambo hili. Barabara itokayo Bukavu kwenda Walikale na Kisangani hupita kwenu na kuvuka mto Hombo, ambao ni mpaka wa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Chumvi, sabuni na mawese hupita darajani, na habari nazo hupita. Lakini gunia la chumvi halikui likivuka daraja. Habari hukua.

Wazee wanakumbuka mwaka 1993. Mwezi wa Machi watu walishambuliwa sokoni Ntoto, katika Walikale, na vita ikaenea hadi Masisi. Maelfu waliuawa, na watu zaidi ya laki mbili walihama. Chanzo chake kilikuwa ugomvi wa ardhi, utawala na uraia. Lakini panga halikwenda peke yake. Lilitanguliwa na maneno. Mtu aliacha kuitwa jirani, akaitwa «wale». Kwa jirani zetu wa Rwanda, redio ya RTLM iliwaita watu mende, na mwaka 1994 watu hao wakauawa. Mwezi wa Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha iliwahukumu wawili kati ya wakuu wa redio hiyo. Basi neno lina uzito, na mwenye kulisema ataulizwa juu yake.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa kambini ameruhusiwa na mwenye shamba kuchuma sombe. Mtoto wa mwenye shamba, asiyejua ruhusa hiyo, anamwona na kumwambia rafiki yake: «Kuna mtu shambani mwetu.» Rafiki anafika sokoni na kusema: «Wakimbizi wanaiba.» Jioni, ng'ambo ya pili ya mto, neno limekuwa: «Watu wa kabila fulani wamekuja kuchukua mashamba.» Vijana wanashika mapanga. Je, nani alidanganya? Labda hakuna. Kila mmoja aliongeza hofu yake kidogo tu.

Wewe unayenisikiliza, ukipokea habari ya namna hiyo, fanya mambo matatu.

La kwanza, uliza. Nani aliyeona kwa macho yake? Wapi? Lini? Kama anayekuambia amesikia kwa mwingine, mwambie: «Ndugu yangu, twende kwa yule aliyeona.» Kuuliza si ujinga.

La pili, rudisha neno kwa mwenyewe. Mtu akimaliza kusema, usimjibu mara moja. Sema: «Mama, nimesikia hivi na hivi. Ndivyo ulivyosema?» Kwetu mmoja hufikiri kwa Kitembo, mwingine kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, kisha wote husema Kiswahili. Neno moja laweza kuingia masikioni kwa maana mbili. Ukilirudisha, kosa litaonekana kabla halijazaa ugomvi.

La tatu, sema juu ya tendo, usiseme juu ya kabila. «Mbuzi wangu amepotea jana usiku» ni shitaka ambalo chifu anaweza kulichunguza. «Watu wale ni wezi» si shitaka. Ni mbegu ya vita.

Labda utaniuliza: «Na kama hatari ni ya kweli, tungoje maswali mpaka tuuawe?» Hapana. Ukisikia risasi, ondoa watoto, saidia wazee na wagonjwa, mwonye jirani yako wa kila kabila. Lakini mwonye kwa ulichosikia: «Risasi zimelia upande wa juu.» Usimtaje mpigaji kama hukumwona. Onyo la kweli huokoa watu. Jina lililobuniwa huua wasio na kosa.

Nanyi waheshimiwa viongozi, neno la kwenu ni moja. Kimya chenu ni shamba la uvumi. Chakula cha msaada kikichelewa, au familia mpya zikifika, waiteni watu barzani siku hiyohiyo. Waambieni mnalolijua, na msilolijua mkiri kwamba bado mnatafuta. Wenyeji na waliohama wakae pamoja. Wapeni nafasi akina mama na vijana, kwa maana wao ndio waendao shambani, mtoni na sokoni, na husikia mambo kabla yenu. Tena msikate shauri kabla ya kusikia pande zote mbili.

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa siku chache. Ulimi uliojikwaa mwaka 1993, vidonda vyake tunavifunga hata leo.

Jioni ya leo, mkiwa motoni, zungumzeni maswali haya mawili. Ni habari gani niliyoipeleka juma hili bila kuuliza? Na ni jirani gani ambaye sijamsikiliza mpaka mwisho? Anayepata jibu, kesho asubuhi aende kwake, amsalimu, akae chini.