Mbegu Nayo ni Akiba
(Hotuba ya kikundi, iliyosomwa kwenye sherehe ya miaka kumi, kisiwani Rukuba)



Kikundi chetu kilianza kwa pesa ya dagaa. Lakini mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, na mfuko wetu nao unalala. Ndipo tukasema tulime mboga. Mboga gani? Mgagani, huu huu tuliokuwa tunauchuma bure kando ya maboma.

Hatutaficha, mwaka wa kwanza tuliaibika. Tulipukuchua mbegu leo, kesho tukapanda. Haikuota! Pesa ya kikundi ilikuwa imezama pale, na wenzetu wawili wakadai hisa zao, wakaondoka. Baadaye ndipo tukajua kuwa mbegu mpya ya mgagani inalala kwanza. Sasa tunaikausha, tunaiweka miezi kama sita, ndipo tunapanda.

La pili ni kuchagua. Mgagani wa porini una haraka ya maua, na ukishachanua majani yanakuwa madogo. Basi mche unaowahi maua tunaula. Unaochelewa, wenye majani mapana, tunaufunga uzi mwekundu, na haguswi na mtu. Maganda yakigeuka manjano tunayakata kabla hayajapasuka. Ndivyo wazee wa Afrika walivyoutoa mtama porini ukawa zao. Na hata Tengeru, Arusha, watafiti wa mboga wanachagua mbegu za mgagani na mnavu vivyo hivyo.

La tatu, mashamba yanapokezana. Pakitoka mgagani tunapanda kunde, zinarudisha nguvu ya udongo, kisha mnavu. Ila mnavu haufuati nyanya, maana hao ni ndugu, ugonjwa wa mmoja humpata mwenzake.

Akina mama, mbegu ni kama hisa. Ukila yote msimu huu, msimu ujao unarudi kuokota porini, tena ile yenye majani madogo. Uzi mwekundu ndio sanduku letu la pili, na hili halina kufuli, linalindwa na uaminifu tu.

Wale wenzetu wawili, mmoja amerudi. Mwingine tunamwona amekaa pale nyuma. Mama, hatuna kinyongo. Mbegu ya kuanzia tumekutengea.