Pimbi wa Majabali ya Nakuru na Naivasha



Leo napenda kuwaeleza habari za pimbi, mnyama mdogo akaaye katika majabali ya Ziwa Nakuru na ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Umbo lake ni kama la sungura mnene, lakini masikio yake ni mafupi na mkia hana. Uzito wake yapata kilo 4. Wengi humdhania kuwa panya, kumbe jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva. Kila mguu wa mbele una vidole 4 na wa nyuma 3, na nyayo zake zina unyevu, ndiyo maana hatelezi mwambani.

Asubuhi huota jua kwanza, kwa kuwa mwili wake haushiki joto vizuri, kisha hula majani. Mmoja hukaa juu akilinda. Amwonapo chui au tai mweusi hupiga mlio mkali, na wote hukimbilia nyufani.

Mimba yake huchukua miezi 7 au zaidi. Kwa hiyo pimbi wakiuawa ovyo hawaongezeki upesi. Na tai mweusi wa Hell's Gate humtegemea pimbi kwa chakula: pimbi wakiisha, tai naye hatakaa. Basi, enyi wazazi, wakanyeni vijana wasiwawinde kwa mbwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza jambo hilo.