Bei ya Haki kwa Albamu ya Pili

(Mazungumzo na kikundi cha vijana wapiga picha wa parokia)



Ndugu zetu wapiga picha, harusi moja huzaa zaidi ya albamu moja. Maarusi wanataka yao, mama ya bibi harusi anataka ya kuwaonyesha wageni wake, na wakwe nao hawapendi kubaki nyuma. Hapo ndipo ugomvi huanza. Kuna anayetoza albamu ya pili bei ileile ya kwanza, na kuna anayekata nusu bila hesabu yoyote. Huyo wa kwanza anawaonea wenye harusi. Wa pili anajionea mwenyewe. Sisi wa ofisi ya maendeleo tunasema hivi: albamu ya pili ina bei yake, na bei hiyo hutoka kwenye daftari.

Tuanze na tofauti. Bei ya albamu ya kwanza imebeba kazi ya siku nzima: asubuhi nyumbani kwa bibi harusi, misa, karamu, msaidizi wako, nauli na uchakavu wa kamera. Hayo yamekwisha kulipwa, na si haki kuyauza mara mbili. Lakini nakala ya pili ina gharama zake mpya, nazo lazima zilipwe.

Haya, tushike kalamu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mtu ataweka za kwake. Tuseme albamu ina picha 60 na kuosha kila moja ni shilingi 20. Hizo ni 1,200. Albamu tupu ni 800, na nauli ya kwenda mjini na kurudi ni 300. Tumefika 2,300. Sasa kazi yako: kutafuta picha, kuzikagua na kuzipanga, saa 4 kwa shilingi 150 kila saa, ni 600. Kodi ya chumba, umeme na kompyuta, tuweke 300. Jumla ni 3,200. Ongeza faida ya asilimia 20, yaani 640. Bei ni 3,840.

Angalieni vizuri: ujira na faida si kitu kimoja. Ujira ni chakula chako na cha watoto. Faida ni ya kununua betri, kulipia picha zilizoharibika na kukuza biashara. Wengi wetu tunasahau kuandika ujira, halafu tunashangaa studio ikifungwa ilhali wateja walikuwapo. Mali bila daftari huisha bila habari. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi anayeishi kwa kiasi. Fundisho hilo linamhusu pia yule anayejiajiri: asijinyime ujira.

Je, wakiagiza albamu zote mbili kwa pamoja? Nauli ni ileile moja, na kuchagua picha kunafanyika mara moja. Toa 300 za nauli na 300 za saa 2 za kazi. Zinabaki 2,600, pamoja na faida ni 3,120. Umewapunguzia shilingi 720 na hukupoteza hata senti. Kwa hiyo itaje bei hiyo mapema, kamati ya harusi inapopanga bajeti, wala usingoje watu wamalize pesa kwenye keki na mahema. Mnajua wenyewe: kukopa harusi, kulipa matanga.

Tena andikeni mapatano, hata kama ni ukurasa mmoja tu: albamu ngapi, picha ngapi, bei ya nakala ya ziada, arubuni kiasi gani, na picha mtazihifadhi kwa muda gani. Zihifadhini mahali pawili tofauti, maana kompyuta huharibika. Kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi ikiagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimepatana vingine. Basi usidhani kwamba kwa kuwa picha ziko kwako unaweza kumkamua mtu. Zamani aliyeshika negativu alikuwa na nguvu. Leo mteja akiona bei ya kuonea, atapiga picha kurasa zako kwa simu na kwenda zake.

Na asiye na uwezo je? Tusimfukuze, na tusijiue. Mpe albamu ndogo ya picha 30, au mwache alipe kidogo kidogo kwa M-Pesa hadi amalize, ndipo uoshe picha. Ukitaka kumsaidia zaidi, sema wazi kwamba huo ni msaada. Lakini usipandishe bei kwa sababu umeona gari la mjomba. Bei inayobadilika kwa sura ya mtu huondoa imani, na mitaa yetu ni midogo. Habari hufika jumuiya ya pili kabla ya Jumapili.

Tukikutana tena, kila mmoja aje na daftari lake na hesabu ya albamu moja aliyoiuza. Tutazipitia pamoja, mstari kwa mstari. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.