Kampuni Ikifunga Duka, Kipofu Afanyeje?

Siku hizi zinavuma habari za vipofu kurudishiwa kuona kwa kutiwa kifaa ndani ya ubongo. Tangu Septemba 2024, kifaa cha kampuni ya Neuralink, ya tajiri Elon Musk, kilipopewa kipaumbele na mamlaka ya dawa ya Marekani, watu wanazungumza kana kwamba upofu umekwisha. Haujaisha. Na jambo lenyewe si jipya.

Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Brindley na Lewin, walieleza jinsi walivyompandikizia mama mmoja kipofu, mwenye miaka 52, elektrodi 80 juu ya ubongo, upande wa kisogoni, mahali habari za macho zinapopokelewa. Umeme mdogo ulipopitishwa, mama yule aliona vitone vya mwanga. Macho yake hayakufanya kazi yoyote. Siri ni hiyo: jicho ni mlango tu, anayeona ni ubongo. Kamera ya kwenye miwani ikipeleka habari kisogoni kwa njia ya umeme, mlango uliovunjika unaweza kurukwa.

Lakini tusidanganyane. Mtu huyo haoni sura ya mwanawe. Anaona vimulimuli, ambavyo kwa mazoezi vinamwezesha kutambua dirisha lilipo, au kwamba kuna mtu anapita. Kwa aliyekaa gizani miaka na miaka, hayo si haba.

Wengine watazungumza juu ya kuona. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya fundi.

Huko California ilikuwako kampuni ikiitwa Second Sight. Ilitengeneza Argus II, kifaa chenye elektrodi 60 kinachobandikwa ndani ya jicho. Marekani ilikiruhusu mwaka 2013, na bei yake ilikuwa kama dola 150,000 bila kuhesabu upasuaji. Zaidi ya watu 350 duniani walitiwa. Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza ili ishughulike na kifaa cha ubongo, Orion, ambacho watu 6 walikuwa wakikijaribu. Machi 2020 fedha zikayeyuka, wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi.

Februari 2022 jarida la wahandisi, IEEE Spectrum, likaeleza masaibu ya wateja. Kifaa kikiharibika, hakuna vipuri. Mmoja wao alipatwa na kizunguzungu, madaktari wakataka kumpiga picha ya kichwa kwa mashine ya MRI, lakini kwanza ilibidi wajue kama kilichomo jichoni kitaistahimili ile sumaku. Kampuni haikuwasaidia. Basi mtu ana chombo mwilini, na mwenye kukijua hapatikani!

Redio yangu ikifa na aliyeiunda akawa ameacha biashara, nitaipeleka Gerezani, kijana ataifungua, atatafuta waya, itaimba. Kichwa cha binadamu hakifunguliwi Gerezani.

(Na niongeze haraka: mwenye mtoto wa jicho asingoje mitambo ya Marekani. Operesheni yake ni fupi, na lenzi anayowekewa haitaki betri wala kampuni.)

Mimi si mpinzani wa utafiti. Bila wale 6 wa Orion tusingejua mengi. Ninachodai ni kwamba serikali inayotoa kibali cha kupasua fuvu iulize mapema: kampuni ikifilisika, fedha za kumhudumia mgonjwa zimewekwa wapi? Michoro ya kifaa imehifadhiwa kwa nani, ili fundi mwingine aweze kukishika? Na siku mgonjwa akitaka kitolewe, nani atamlipa daktari? Maswali haya hayahitaji diploma ya uhandisi. Mwenye nyumba yeyote humuuliza hivyo fundi bomba.

Kule Elche, Hispania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Miguel Hernández walieleza mwaka 2021 habari za mama wa miaka 57, aliyekuwa mwalimu, kipofu kwa miaka 16. Walimtia ubongoni kifaa kidogo chenye elektrodi 96. Aliweza kutambua baadhi ya herufi. Baada ya miezi sita kikatolewa, kama walivyopatana tangu mwanzo.